Mrejesho: kisukari cha ujauzito, nimejifungua salama

Habari zenu wapendwa. Mtakumbuka niliwaomba ushauri nikiwa na mimba ya wiki 27. Kliniki walininywesha glukosi gramu 75, na kipimo cha sukari ya damu cha kabla ya kunywa kilisoma 5.6 (mmol/L), nikaambiwa nina kisukari cha ujauzito. Nililia, nikawauliza kama lazima nianze sindano za insulini.

Sikufika huko. Nesi alinipa malengo: chini ya 5.3 nikiamka, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Nikanunua mashine ya kupimia, kila namba naiandika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo lililonifungua macho. Nilidhani adui ni sukari ya chai, kumbe uji wa sembe, hata usiotiwa sukari, ulinipandisha hadi 9! Nikabadili: asubuhi yai na kipande kidogo cha kiazi kitamu, mchana ugali wa dona kiasi cha ngumi, mchicha na dagaa ndio wajae sahani. Dada uliyenishauri nitembee dakika 20 baada ya kula, Mungu akubariki sana, maana namba zilishuka wiki ileile.

Nimepata binti, kilo 3.2, wiki ya 39. Nilimnyonyesha ndani ya saa ya kwanza, wakampima sukari kisiginoni, ikawa sawa. Jirani yangu wodini alitumia insulini, naye mtoto wake ni mzima, kwa hiyo mkiandikiwa msikatae. Wiki ya 6 baada ya kujifungua narudi kupimwa tena.