Tupeane uzoefu: kupima kondo la nyuma mtoto akiwa na kasoro ya moyo

MlezaMada: Wenzangu, kasoro ya moyo ikionekana, macho yote hubaki kifuani kwa mtoto. Kondo linaandikiwa "liko ukuta wa nyuma", basi. Moyo na kondo vinaanza kujengwa wakati mmoja, na oksijeni yote ya mtoto inatoka huko. Nyie mnaanzia wapi?

ProbuTaratibu: Kitovu kinapoingia kwenye kondo. Kifuate kwa Dopla ya rangi (ultrasound inayoonyesha damu ikitembea) hadi mwisho, usikisie. Kikiingia chini ya sentimita 2 kutoka ukingoni, andika ni pembeni. Mishipa ikitambaa kwenye utando, hakikisha haipiti juu ya mlango wa kizazi. Unene upime katikati, mstari ukiwa wima na kondo, bila misuli ya mfuko wa uzazi. Ukipita milimita 40, ni nene.

Neema_U: Hapo kwenye misuli! Wengi huongeza unene usiokuwepo.

ChumbaChaSumaku: Kwenye MRI (picha za sumaku) adui ni mfuko wa uzazi kubana. Mama kalala ubavu wa kushoto, picha za T2* (kipimo cha MRI kinachoshuka oksijeni ya damu ikipungua) zinakuja safi, ghafla ukuta unavimba, kondo linajikunja, linanenepa na kuwa jeusi. Msomaji anaandika halipati oksijeni, kumbe damu imebanwa kwa muda tu. Subiri ukuta ulegee, urudie. Halafu linganisha na wiki za mimba, maana T2* hushuka mimba ikikua hata kwa mwenye afya.

Kaka_J: Si mchome gadolinia, dawa ya kung'arisha picha, muone mzunguko vizuri?

ChumbaChaSumaku: Hapana, kaka. Inavuka kondo, mtoto anaikojoa kwenye maji ya uzazi na kuimeza tena. T2* haihitaji dawa, inasoma damu yenyewe.

Bi_Salma: Dopla ya kitovu inatosha. Mtiririko wa mwisho wa diastoli (moyo ukilegea kati ya mapigo) ukipotea, kondo limechoka.

ProbuTaratibu: Sikubaliani, dada. Kwenye Ebstein (kasoro ya vali ya trikaspidi, upande wa kulia wa moyo), vali ya mapafu ikivuja, damu huzunguka kupitia daktasi (mshipa unaounganisha aota na ateri ya mapafu) na kurudi moyoni, mtiririko unapotea kondo likiwa halina kosa. Angalia vali kwanza.

Bi_Salma: Kwa Ebstein nakubali. Kwa wengine, pima kitanzi kinachoelea, mtoto ametulia, mahali palepale kila mara. PI (kipimo cha Dopla cha ukinzani wa mtiririko) ya karibu na tumbo la mtoto huwa juu kuliko ya upande wa kondo.

Neema_U: Na likitoka lisitupwe. Kata kitovu na utando, ondoa mabonge ya damu, pima uzito, ndipo liende maabara.