Huyu mpumulia visogo vya wanawake kwenye foleni, leo kanimaliza!

Kisogo_Moto: Wakuu, naandika hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Mnamjua, msijifanye. Hakuna foleni asiyokuwemo: nyuma ya mwanamke, karibu kiasi kwamba ukimeza mate yeye ndiye anayeshiba.

Leo nimejisimamia zangu. Nasogea hatua, anasogea. Nasogea nusu, naye nusu. Nikaweka mkoba katikati yetu, akauegemea kama kaunta. Kisogo kikaanza kutoa umande. Hayo yote nikanyamaza, maana tumeshazoea kunyamaza.

Ukaingia ujumbe kwenye simu. Nausoma, nawaza nijibu nini, mara nasikia sikioni: "Mwambie huwezi."

MWAMBIE HUWEZI! Hanijui, simjui, kausoma ujumbe mzima, kaupima, katoa hukumu!

Nikamgeukia: kaka, rudi nyuma kidogo. Akashangaa yeye! "Dada, kwetu tunasimama hivi hivi, mbona unatudharau?" Kwao! Na dada zake wa huko kwao kuna aliyewahi kuwauliza? Mwambie huwezi. Nitazikwa na hayo maneno.

KitiChaDirishani: Kabla ya yote. Ulimwambia huwezi?

Kisogo_Moto: Ndiyo. LAKINI HIYO SIYO HOJA.

KitiChaDirishani: 😂😂 Kumbe mshauri. Mlipe mtu haki yake.

RulaNdefu: Mleta uzi punguza jazba. Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika haya tangu 1966: kwa Wamarekani aliowachunguza, chini ya sentimita 45 ni eneo la wapenzi na watoto, 45 hadi 120 la marafiki. Na akasema wazi vipimo hubadilika jamii hadi jamii. Kuna utafiti wa nchi 42 uliotoka 2017: Waromania ndio waliotaka mgeni akae mbali zaidi, Waargentina ndio waliomvumilia karibu zaidi. Na kwa jumla wanawake walitaka nafasi kubwa kuliko wanaume.

Kisogo_Moto: Asante mwalimu. Sasa sentimita za kujibiwa ujumbe ni ngapi?

MamaKonani: Mimi nimeishi na watu wa aina zote mbili. Kwa wale wa kwanza, wanawake tunakaa bega kwa bega na hakuna anayehisi kubanwa, ukiacha nafasi unaulizwa tumekukosea nini. Kwa hawa wa sasa, nikimkaribia mwanamke mwenzangu anakumbatia mkoba. Nilichukua muda kuelewa kwamba sijatukanwa. Ila mwanaume nisiyemjua kunipumulia shingoni? Hiyo mila sijaikuta kokote, na huyo jamaa anaisingizia kwao.

Behewa_la_Katikati: Ndiyo maana treni za Cairo, Tokyo na Mexico City zina mabehewa ya wanawake. Mle ndani mnaweza kubanana kama kuni, lakini roho imetulia. Msongamano ni ule ule, anayekubana ndiye tofauti.

MamaKonani: Tufungiwe sisi, yeye abaki na treni yote? Atengewe yeye behewa. Wajae humo wapumuliane.

Goti_Huru: Afadhali wako anasoma tu. Wangu anatanua magoti mpaka nakaa robo kiti. Madrid mwaka 2017 walibandika hadi vibandiko ndani ya mabasi kukataza.

Mrefu_Mno: Na sisi wenye miguu mirefu tuiache nyumbani?

Goti_Huru: Urefu unaenda mbele, kaka, hauendi pembeni.

LiftiTupu: Anayeingia lifti tupu akaja kusimama ubavuni mwangu ana kesi yake pia. Ifungueni.

Kisogo_Moto: Jamani, turudi kwenye uzi. Alisema MWAMBIE HUWEZI.

Nyufa: Hamjaingia vyoo vya umma Marekani nyie. Watu hao hao wa sentimita 120, lakini mlango wa choo una ufa, unaonana macho na mama aliye kwenye foleni. Mara ya kwanza nilimsalimia.

Mrefu_Mno: Uongo.

LiftiTupu: Ni kweli, na chini mlango haufiki sakafuni. Viatu vyote vinajulikana.

KitiChaDirishani: Ufa upande wa bawaba au wa komeo?

Nyufa: Pande zote mbili, mkuu.

Goti_Huru: Na alikujibu salamu?