Natoka Likoni saa kumi na mbili, kazi naianza saa nne. Nisaidieni

Binti wa Likoni
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mwezi wangu wa tatu huu. Nakaa Likoni. Nikishaswali alfajiri najitayarisha, natoka saa kumi na mbili niiwahi feri kabla watu hawajajaa, nikishavuka napanda matatu hadi Moi Avenue. Saa moja na robo nishakaa kwenye kiti, na ofisi yafunguliwa saa mbili.

Hapo ndipo panaponishinda. Nikishika simu, dereva yuko getini ataka karatasi, mteja auliza kontena lake, bosi katuma ujumbe tangu usiku. Nikija kumaliza kuwajibu ni saa nne, hati za forodha sijazigusa. Na hati ndiyo kazi yenyewe. Siku za bure za kuhifadhi kontena zikipita, mteja hutozwa kila siku inayoongezeka. Wiki jana nilichelewesha moja, mteja wa watu akalipa. Niliumia sana. Nyinyi mwaianzaje siku?

Mama Mbaazi
Pole mwanangu. Mie nauza mahamri na mbaazi Majengo, mwaka wa 19 huu. Wateja wangu wa kwanza ni wanaotoka msikitini alfajiri, na mahamri wayataka moto. Lau ningengoja asubuhi ndipo nikande unga, ningeuza saa ngapi? Mbaazi naziroweka mchana, nazichemsha baada ya magharibi, tui zito nalingojesha hadi mwisho. Unga naukanda usiku kwa tui jepesi, sukari, iliki na hamira kidogo tu, uumuke polepole nami nimelala. Hamira ikizidi unga huchacha, ukaharibu biashara ya siku nzima. Saa tisa na nusu nikiamka ni kusukuma, kukata na kutia mafutani. Hata kiberiti nakiwacha juu ya jiko nisikitafute gizani.

Basi nawe kabla hujatoka jioni, itoe hati ya kesho uiweke juu ya meza, na kila karatasi yake. Ukifika uikute yakungoja.

Zamu ya Usiku
Mama kasema kweli. Sisi bandarini twafanya zamu. Anayetoka humwambia anayeingia: hiki kimekwisha, hiki kimebaki, mtambo ule uangalie breki. Dakika chache, nawe ushajua pa kushika. Dada huna wa kupokezana naye, kwa hivyo jiandikie mwenyewe jioni: kontena fulani nimefika hapa, ankara haijaletwa. Andika kwa kalamu. Ukiandika kwenye simu, kesho utaifungua usome na zile jumbe zitakumeza tena.

Kijana wa Tudor
Zima simu mpaka saa nne. Basi.

Dereva wa Miritini
Usimwambie azime simu, kaka. Sisi twalala ndani ya lori. Karatasi ikikosekana getini twageuzwa, foleni twaianza upya. Lakini dada, nikwambie la haki: dereva akijua ni saa ngapi utajibu, atangoja. Kinachotutesa ni kutojua. Tutumie karatasi za getini usiku uleule, na utuambie simu wapokea kuanzia saa mbili. Mimi singekupigia kabla ya hapo.

Binti wa Likoni
Kaka dereva, ahsante sana. Nilidhani nikichelewa dakika tano mtaniona nina dharau.

Mshipi na Ndoana
Sisi wavuvi twafuata maji. Yakijaa leo saa moja, kesho yatachelewa kama dakika 50, na kesho kutwa vivyo hivyo, nasi twabadilisha saa ya kutoka. Hatubishani nayo. Wewe bahati yako maji yako hayahami: saa moja na robo hadi saa mbili ofisi iko kimya kila siku. Dakika 45 hizo wazimwaga kwenye simu. Zitie kwenye hati.

Mama Mbaazi
Na ule kitu kabla! Usivuke na tumbo tupu, mwanangu.

Binti wa Likoni
Nimerudi, wiki imepita. Jumatatu nilimaliza hati mbili kabla ya saa mbili, nikakaa nikaziangalia tu. Jumanne hivyohivyo. Jumatano foleni ya kuvuka ilikuwa ndefu, nikafika saa mbili kasoro tano, siku ikavurugika kama zamani. Madereva wawili kati ya watatu washazoea saa yangu. Wa tatu bado apiga alfajiri, nitazungumza naye ana kwa ana.

Bosi ndiye sijui nimwendeeje. Bado hutuma saa tano za usiku na ataka jibu. Kuna aliyewahi kumweleza mkubwa wake jambo hili wakaelewana? Nitasoma usiku. Sasa hivi naandika karatasi ya kesho, limebaki kontena moja la vigae.