Naomba ushauri: filamu za kujifungia na watu usiowaamini

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza kutazama It Comes at Night (2017), ile ya familia iliyojichimbia msituni kukwepa ugonjwa, kisha ikapokea familia nyingine. Kilichonikamata ni ule mlango mwekundu: usiku unakutwa wazi, na haijulikani nani kaufungua. Kuanzia hapo kila mtu anamtazama mwenzake kama mgonjwa. Wapo wanaolalamika kwamba zimwi linalodokezwa na jina la filamu halionekani. Mimi naona utamu uko hapo hapo.

The Thing ya 1982, ile ya kiumbe anayejigeuza kuwa mtu yeyote kambini, nimeshaiona (lile tukio la kupima damu kwa waya wa moto ili kumbaini, balaa!). Naombeni nyingine za namna hiyo: watu wachache, hakuna pa kukimbilia. Mazombi ya kukimbizana sitaki. Nianze na ipi?