Kamba ya 3-4-5 na hekalu la Mnajdra

Fundi wa Majengo, Goma: Wakubwa, mimi nikipima msingi nafunga kamba: mita 3, mita 4, ya mshazari 5, pembe inanyooka. Kijiti kinagoma kuingia kwenye mawe ya volkano, lakini pembe haidanganyi. Waliojenga Mnajdra, hekalu la kale la mawe kule kisiwa cha Malta, bila chuma, nao walitumia hesabu hii?

Jibu: Papa fundi, vyumba vya Mnajdra ni vya mviringo, pembe utaitafuta bure. Tazama mlango: usiku na mchana vikilingana, jua la asubuhi linapita katikati mpaka ndani.

Jibu: Newgrange, kaburi la kale la mawe kule Ireland, nalo linafuata jua. Ina miaka kama 5,200. Karibu na Desemba 21, mwanga wa jua la asubuhi unaingia kwa tundu juu ya mlango, dakika 17 tu.

Fundi: Kumbe kamba yao ilikuwa jua! Hapa mawingu yangenichelewesha kazi.