Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi?

Swali: Ndugu zangu, mfumo niliourithi kazini huhifadhi namba za simu kama namba za hesabu, hivyo sifuri ya mwanzo hupotea na ujumbe wa malipo haumfikii mteja. Je, inatosha kuirudisha sifuri kwa programu?

Jibu: Haitoshi, ndugu. Namba iliyobaki na tarakimu 9 inaweza kuwa ya Kenya au ya Tanzania, na programu haina njia ya kujua. Badilisha safu ya namba za simu kwenye hifadhidata iwe ya maandishi, kwa kuwa hakuna anayejumlisha namba za simu, kisha ufuate kanuni ya kimataifa ya E.164, inayoanza na msimbo wa nchi (255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya) na isiyozidi tarakimu 15. Inaniuma sana kuona mama lishe anaambiwa na mashine kwamba namba anayoitumia kila siku si sahihi.

Jibu: Naunga mkono, ila kagua pia faili za CSV (majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi yanayotenganishwa kwa mkato), kwani Excel huifuta sifuri hiyo pindi inapozifungua.

Muulizaji: Ahsanteni. Faili zetu hupitia Excel kila mwezi, kwa hiyo nitaanzia huko.