Igizo la vita vya Mahiwa: nichukue bunduki, bombomu au uganga?

Kijana_wa_Mtama
Wakuu salaam. Naomba ushauri wa haraka, Ijumaa lazima nimpe fundi seremala hela ya kuanzia. Kundi letu lina igizo la vita na kila mtu anachagua nafasi yake. Zimebaki tatu: askari wa bunduki, mpiga bombomu (ile bunduki ya rashasha), na mganga wa kikosi. Bunduki ya mbao fundi anataka elfu 25. Bombomu elfu 80 pamoja na miguu yake. Mganga hana gharama ya fundi ila sanduku najitafutia. Ipi inalipa? Natanguliza shukrani.

Shangani_Point
Kiti cha mbele. Mlenga shabaha hayupo hapo? Igizo bila snaipa ni ngonjera.

DadaWaMikindani
Kaka, umeandika kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Mahiwa ni vita gani? Mwaka gani? Upande gani? Mnachezea kwenye simu au porini? Mko wangapi? Hujasema hata kimoja halafu unataka tukuchagulie.

mchunguza_mambo
Namuunga mkono dada. Bombomu la mwaka gani? Ya zamani ilikuwa kazi ya kundi zima, ya leo anabeba mtu mmoja. Ukikosea hapo umekosea yote.

Shangani_Point
Chukua snaipa mkuu. Mimi kwenye gemu la simu natungua watu 14 kwa mchezo mmoja, nimelala tu kwenye majani.

Kijana_wa_Mtama
Samahani dada, nilikuwa kwenye bodaboda. Ni Mahiwa, Oktoba 1917, Mjerumani na Mwingereza walipopigana huku kusini kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wiki mbili za kwanza tunaandikiana kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anajenga mhusika wake, halafu Jumamosi moja tunashuka uwanjani kwenye shamba la mikorosho karibu na Nyangao. Tuko 31. Nimepangwa upande wa Mjerumani, kombania ya Waafrika. Snaipa hakuna.

mchunguza_mambo
Sasa umesema. Basi bombomu yako ni Maxim. Inapozwa kwa maji, kama lita 4 kwenye lile bomba nene linalozunguka mtutu, na mkanda wake una risasi 250. Hiyo huwezi kuwa peke yako. Kuna anayepiga, anayelisha mkanda, wa maji, na wabeba masanduku. Umeshapata hao wenzako au fundi anakutengenezea na marafiki?

Mzee_wa_Kombania
Wanangu, nimesoma nikacheka. Mimi nimetumikia jeshi miaka 22, sasa nalima korosho zangu huku Newala. Nikwambie kijana: hakuna nafasi ndogo kama bunduki na hakuna nafasi kubwa kama bunduki. Bombomu inamfanya adui alale chini, mganga anarudisha watu kwenye mstari, lakini anayekwenda kusimama pale adui alipokuwa amesimama ni huyu wa bunduki. Ndiyo maana ya askari wa miguu. Hao wengine wote tupo kwa ajili yake.

Halafu swali langu mimi: mna bunduki ya aina gani? Wakati ule kombania za Mjerumani hazikuwa sawa. Waliobahatika walikuwa na Mauser mpya. Wengine walibaki na ile ya mwaka 1871, risasi moja moja, baruti inatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi. Ukipiga mara moja tu upande wa pili wote wanajua ulipo.

DadaWaMikindani
Shikamoo baba. Hiyo ya moshi nimeipenda. Kaka achukue hiyo ya 1871 halafu abebe unga wa muhogo mfukoni, kila akipiga arushe ngumi moja ya unga hewani. Elfu 25 imefika mbali.

Mzee_wa_Kombania
Marahaba mwanangu. Unga usiuchezee, mwaka huu bei yake unaijua.

Msafiri_Kitunda
Mimi nimepiga bombomu kwenye igizo, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri kabla kijana hajatoa elfu 80.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa na igizo letu ufukweni, huku Lindi. Mimi kwa kiherehere nikasema bombomu ni yangu. Fundi sikuwa na hela yake, nikachukua bomba la plastiki la inchi nne, nikalipaka rangi nyeusi, nikalichomeka kwenye meza ya miguu mitatu. Lilipendeza, siwadanganyi. Ukilitazama kwa mbali moyo unashtuka. Na hapo ndipo kosa lilipolala.

Siku yenyewe bodaboda wa kwanza alipoliona akawasha pikipiki akaondoka bila hata kuniuliza naenda wapi. Wa pili vilevile. Nikalibeba begani karibu kilomita tatu, saa sita mchana, na wenzangu wa kikosi walikuwa watatu: mlisha mkanda, mtu wa maji na mbeba masanduku. Mlisha mkanda alisema anaenda kula pweza anarudi. Hajarudi mpaka leo. Mtu wa maji aliyanywa yale maji. Mbeba masanduku alikuja, lakini masanduku hakuja nayo.

Nikajilaza mwenyewe nyuma ya mnazi, bomba linaangalia njia. Mama mmoja akapita na kuni kichwani. Akaniona. Mimi kwa adabu nikasema, "Shikamoo mama," nikiwa nimelala nyuma ya bombomu! Kuni zilibaki pale pale, mama hakubaki. Nusu saa haikupita, wakaja wenye kazi yao. Tulikaa kituoni tukieleza neno "igizo" kwa kila aliyeingia zamu, mpaka saa 4 usiku. Sisi tuliachiwa. Bomba lilibaki kama kielelezo. Na lile bomba, wakuu, lilikuwa la kisima cha mama mkwe, nilimwambia nalipeleka kukatwa. Mpaka leo nikienda kwake naoneshwa shimo kwanza, ndipo naletewa maji.

Kwa hiyo kijana: chukua uganga. Sanduku lenye msalaba halimkimbizi mtu.

Shangani_Point
😂😂😂 Shikamoo mama!!

nyangao77
Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Ila Msafiri ametuonesha jambo. Kijana, mmeshaaga kwa mtendaji wa kijiji? Mimi ndiye mwenyeji wa huko, watu watakuwa mashambani. Mtu anaokota korosho zake anakutana na watu 31 wenye mitutu.

Mzee_wa_Kombania
Na sare je? Hilo ndilo nilitaka kulisema tangu juu. Mwaka 2023 jeshi lilitoa siku 7, raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Si utani. Kijana wangu, msije mkavaa mabaka mkasema ni igizo. Nendeni kwa mtendaji, polisi wilaya wapewe taarifa kwa maandishi, na nguo ziwe kaki za kawaida za fundi cherehani, zisizofanana na za jeshi letu hata kwa mbali.

Kijana_wa_Mtama
Mzee shikamoo. Barua ya mtendaji mwenyekiti wetu anasema anaifuatilia. Nguo ni kaki kama za shule, na kofia ndefu ya tarbushi tumefunika kitambaa.

mchunguza_mambo
"Anaifuatilia" ya Kiswahili au ya ofisini?

Rugaruga_Halisi
Mnahangaika na sare za nini? Awe rugaruga, wale wapiganaji wa kienyeji waliomsaidia Mjerumani. Wale hawakuwa na sare. Unakuja na shuka yako, umeokoa elfu 25, umeokoa elfu 80, na polisi wakija wewe ni mwanakijiji.

DadaWaMikindani
Nafasi zilizobaki ni tatu kaka, rugaruga hayumo. Soma uzi.

Tabibu_wa_Pembezoni
Natetea uganga, na nina sababu, si kwa sababu ya jina langu. Kwenye maigizo watu wanadhani mganga kazi yake kukimbia na bendeji. Upande wa Mjerumani mwaka 1917 mganga alikuwa na vita yake peke yake. Bahari ilifungwa na Mwingereza, dawa haziingii. Kwinini, dawa ya malaria, walitengeneza wenyewe kwa magome ya mti uliokuwa unapandwa Amani, kule Usambara. Amani ilipochukuliwa wakawa wanachemsha magome na kunywa hivyo hivyo, chungu ajabu, wakaipachika jina la pombe ya kamanda wao. Bendeji nazo za magome ya miti. Fikiria mhusika wa namna hiyo: ana majeruhi 20, bendeji 6 na sufuria moja la magome. Anamfunga nani? Hapo ndipo igizo linanoga, si kwenye ta-ta-ta-ta.

Na kwa jinsi Mahiwa ilivyokuwa, kazi hutakosa. Siku nne, tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Mjerumani na watu wake kama 1,500 alipata wafu 95 na majeruhi zaidi ya 400. Mwingereza alikuja na karibu 5,000, akapoteza zaidi ya 2,000.

Shangani_Point
Kumbe Mjerumani alishinda! Basi kijana yuko upande mzuri.

mchunguza_mambo
Alishinda nini? Alibaki na uwanja, hakubaki na risasi. Mwingereza aliweza kuleta watu wengine, yeye hakuwa na pa kuwatoa. Wiki tano baadaye, 25 Novemba, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, anavuka Ruvuma kule Ngomano, na amewaacha nyuma wagonjwa na majeruhi kwa mamia. Huyo ni mshindi au ni mtu anayetafuta pa kulala?

Shangani_Point
Kwenye mpira ukifunga 3-1 umeshinda, habari za kesho ni za kesho.

mchunguza_mambo
Hii si Ligi Kuu.

nyangao77
Ninyi wawili mnapigania ushindi wa Mjerumani na Mwingereza kwenye shamba la babu yangu. Chakula cha vita ile kilitoka wapi? Ghalani kwa watu wa hapa.

Mzee_wa_Kombania
Nyangao umenena. Na mimi swali langu halijajibiwa. Kijana, katika hao 31, wapagazi ni wangapi?

Kijana_wa_Mtama
Hakuna mzee. Tulipotangaza nafasi hakuna aliyejiandikisha. Askari 19, mashaushi (masajenti) 3, ombasha (makoplo) 4, efendi (ofisa Mwafrika) mmoja, mpiga tarumbeta mmoja, na hizi tatu zilizobaki.

Mzee_wa_Kombania
Basi hiyo si kombania, hiyo ni harusi. Kombania moja ya wakati ule ilikuwa na askari chini ya 200 na wapagazi wanaowazidi. Nani anabeba bombomu? Nani anabeba masanduku ya risasi, unga, sufuria la huyo mganga? Ule mnara wa Askari pale Dar es Salaam, waliousimamisha mwaka 1927, maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo yenyewe jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa njaa na tumbo la kuhara, si risasi. Ninyi mna mashaushi watatu na hamna hata mmoja wa kubeba maji.

Na ombasha wanne kwa askari 19! Ombasha ni neno la Kituruki, lilikuja na askari wa Kisudani aliowaleta Wissmann, kamanda wa Mjerumani, mwaka 1889. Maana yake mkuu wa kumi. Ninyi kila watu watano wana mkuu wao.

DadaWaMikindani
Baba umewamaliza. Kila mtu anataka cheo. Ni kama vikoba vyetu, wanachama 12, viongozi 9.

Tabibu_wa_Pembezoni
Mzee yuko sahihi, na hapo ndipo kijana anaweza kupata nafasi ya nne ambayo haipo kwenye orodha yake. Awe mpagazi wa bombomu. Hamlipi fundi hata senti.

Msafiri_Kitunda
Mpagazi wa bombomu? Nimesimulia kisa changu chote kwa ajili gani?

Kijana_wa_Mtama
Nimewasoma wote. Kusema kweli moyo ulikuwa kwenye bombomu. Lakini sasa hiyo ya upagazi inanisumbua akili, maana bibi mzaa baba alikuwa akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa njiani akitoka Mtama na mzigo wa chumvi, akarudi baada ya vita bila kucha za miguu. Sijawahi kujua alichukuliwa na upande upi. Bibi alikuwa anasema tu "walimchukua".

nyangao77
Hata kwetu wanasema hivyo hivyo. "Walimchukua." Upande hausemwi.

Shangani_Point
Dah. Hapo mimi na snaipa yangu naweka chini.

Rugaruga_Halisi
Tarehe lini kwani? Kama ni Oktoba hiyo hiyo mmepotea, hakuna mtu anaacha kuokota korosho aje aangalie watu wanalala chini.

Kijana_wa_Mtama
Jumamosi ya karibu na tarehe 18 Oktoba. Mwenyekiti anasema lazima iwe siku zenyewe.

nyangao77
Mwambie mwenyekiti mwenye shamba naye ana siku zake zenyewe. Mkikanyaga korosho zilizodondoka atawalipisha kwa kilo, na bei atakayotumia ni ya mnada wa juu kabisa.

DadaWaMikindani
Mnada wa kwanza mwaka huu unatarajiwa lini? Mimi nina magunia manne ya mama yangu, chama cha msingi hawapokei simu.

Rugaruga_Halisi
Dada huku kwetu wanasema subiri stakabadhi. Usiuze kwa kangomba, wale walanguzi wa mlangoni, utalia.

DadaWaMikindani
Kangomba tayari ameshafika mlangoni mara mbili na mizani yake ya kuibia. Nimemfungulia mbwa.

mchunguza_mambo
Tumeshatoka Mahiwa tumeingia ghalani. Kijana, fundi umemwambia nini?

Kijana_wa_Mtama
Bado. Nimemwambia anipe mpaka Jumatatu, amesema mbao za bunduki ameshakata, za bombomu hajakata. Mganga naye kuna mtu amemuulizia leo asubuhi. Mzee, mpagazi alikuwa anabeba kilo ngapi?

Mzee_wa_Kombania
Anza na 25 begani, kutoka Mtama mpaka Nyangao, kwa miguu, bila viatu. Ukifika nipigie.

Msafiri_Kitunda
Usipite na bomba.

nyangao77
Ukifika salama ming'oko (viazi pori) nitachemsha mimi. Chumvi uje nayo.